Kosa lile lile, seli tofauti: kwa nini SS inaonekana katika damu
(Mhadhara katika ukumbi wa parokia, Katuba, Lubumbashi)

Jambo kwenu, baba, mama na vijana. Wale wa nyuma, viti vipo huku mbele, msimwogope mwalimu.

Mwaka jana, tulipoadhimisha siku ya SS, yaani ugonjwa wa selimundu, ile ya tarehe 19 Juni, mama mmoja aliniuliza swali lililonishinda. Alisema: "Mwalimu, mmetufundisha kwamba mtoto wangu alirithi ugonjwa huu kwa baba yake na kwangu, na kwamba kosa liko katika mwili wake wote. Mbona basi nywele zake ni nzuri, macho yanaona, na darasani ni wa kwanza? Kosa hilo linatafuta nini katika damu?" Nilimjibu ovyo ovyo. Leo nalipa deni.

Mama alisema kweli. DNA, ile inayobeba urithi wetu, ni uzi. Ule uliomo ndani ya kiini cha seli moja ukinyooshwa unakaribia mita 2, mrefu kuniliko mimi, na seli yenyewe huioni kwa macho. Umeandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C, zipatazo bilioni 6, nusu za baba, nusu za mama, katika vipande 46 viitwavyo kromosomu. Humo mna jeni karibu 20,000 zinazoelekeza jinsi ya kuunda protini. Seli ya jicho inazo zote. Seli ya ini inazo zote.

Nyie wa kwaya mtanielewa upesi. Mwimbaji wa besi ana kitabu kizima mkononi. Mstari wa soprano anauona, ila hauimbi. Mchapaji akikosea noti moja katika mstari huo, kosa limo katika vitabu vyote, hata vya besi. Lakini watakaoharibu wimbo ni soprano.

Sasa twendeni kwenye kromosomu ya 11. Kuna majirani wawili pale: jeni ya insulini, na jeni ya beta-globini, inayotoa sehemu ya himoglobini, ile protini nyekundu ya kubebea oksijeni. Katika kongosho husomwa ya insulini, ya globini imefungwa. Katika uboho, ule mnaounyonya ndani ya mfupa wa ng'ombe mkila bukari, ni kinyume chake.

Imefungwa vipi? Uzi umezungushwa juu ya protini ziitwazo histoni. Palipokazwa hapasomeki, palipolegezwa panasomeka. Tena kila aina ya seli ina protini zake za kutua juu ya swichi za jeni na kuamuru "soma hapa". Katika seli zinazozaa chembe nyekundu, mojawapo huitwa GATA1. Na nani aliyeiweka GATA1? Jeni nyingine, zilizofunguliwa tangu mimba ikiwa changa. Nikiufuata mlolongo huo wote tutalala hapa.

Mtoto wa SS ana herufi T mahali pa A katika jeni ya beta-globini, kwa upande wa baba na wa mama pia. T hiyo imo hata katika ngozi ya kisigino chake, lakini huko hakuna anayeisoma. Katika uboho inasomwa bila kupumzika: chembe nyekundu moja hubeba himoglobini kama milioni 270. Oksijeni ikipungua, zinashikana, chembe inapinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Kwa hiyo mama, mfupa unaomliza mwanao usiku umenyimwa damu tu, wenyewe haujakosea kitu. Bandama na ubongo pia huumizwa kwa njia hiyo hiyo.

Akina mama, mmeona pia kwamba mtoto wa SS huzaliwa mzima, kisha karibu na miezi sita vidole vinavimba, na hapo watu wanaanza kumtazama bibi wa jirani. Mwacheni bibi. Tumboni mtoto hutumia jeni nyingine ya globini, jirani kwenye kromosomu hiyo hiyo, isiyo na kosa. Baada ya kuzaliwa hufungwa polepole, na ile yenye kosa inashika kazi.

Wataalamu wakajiuliza: kwa nini tusiifungue tena ile ya utotoni? Protini inayoifunga ni BCL11A, lakini ubongo nao unaihitaji, huwezi kuiua mwili mzima. Wakachukua seli za uboho za mgonjwa, wakakata swichi inayoiwasha BCL11A katika ukoo wa chembe nyekundu tu, wakamrudishia. Uingereza iliidhinisha tiba hiyo Novemba 2023, Marekani mwezi uliofuata, kwa bei inayozidi dola milioni 2. Msiniulize itafika Lubumbashi lini.

Kijana pale dirishani ameniandikia: kama kosa liko katika kila seli, je, mtu anaweza kupimwa SS kwa mate? Ndiyo, kipimo cha DNA kitaiona ile T katika seli za shavu. Lakini elektroforezi, kipimo mnachokijua, haisomi DNA. Inatazama himoglobini yenyewe, na hiyo shavu halijawahi kuiunda. Ndiyo maana wanakuchoma sindano.