Mfumo Umekataa

(Nakala ya mazungumzo ya kipindi. Kimerekodiwa Ligula, Mtwara.)

HAMISI: Msikilizaji, hujambo. Honi utakazozisikia ni za bodaboda. Tulifunga dirisha, joto likatushinda, tumelifungua. Mimi ni Hamisi.

SOMOE: Na mimi Somoe. Leo nimekuja na hasira, nisamehe mapema.

HAMISI: Mada yetu ni teknolojia mpya na sera za serikali, vinatupeleka wapi. Hasira inaingilia wapi hapo?

SOMOE: Kwenye vidole vya mama mdogo.

HAMISI: Ehe.

SOMOE: Mama mdogo yuko Newala. Ujana wake wote amebangua korosho kwa mkono. Wewe unajua, ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Ngozi ya vidole inababuka, inaota, inababuka tena, miaka nenda rudi, mpaka ile michirizi inafutika. Ukimshika mkono ni laini kama kokoto ya mtoni. Sasa Mei 2019 ikaja amri ya kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Mwisho 20 Januari 2020, usiposajili laini inazimwa.

HAMISI: Nakumbuka foleni zile. Watu walikuwa wanapanga mawe, wao wanakwenda kunywa chai.

SOMOE: Yeye alipanga jiwe, na kitambulisho alikuwa nacho. Akafika dirishani. Gumba, haisomi. Cha shahada, hakisomi. "Mama, osha mikono." Akaosha. "Pangusa vizuri." Akapangusa na khanga. Vidole kumi vyote, kisha kijana wa dirishani akamwambia: mama, mfumo umekataa.

HAMISI: Umekataa.

SOMOE: Hakusema "nimekataa" wala "tumekataa". Mama mdogo akarudi nyumbani akaniuliza kwa simu ya jirani, "Huyo Mfumo ni mtoto wa nani, nikaongee na wazazi wake?"

HAMISI: (anacheka) Samahani, siyo kicheko.

SOMOE: Cheka tu, na mimi nilicheka. Lakini swali lake bado lipo. Zamani ukikataliwa unamjua aliyekukataa. Karani ana jina, ana nyumba, jioni unaweza kumfuata ukamlilia hali. Sasa hivi anayekataa hana mlango wa kugonga.

HAMISI: Aliishia wapi?

SOMOE: Laini ikasajiliwa kwa jina la mtoto wa kaka yake, ambaye anaishi Mbagala, Dar, na ndiye anayekaa nayo. Kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye taarifa za mama mdogo za chama cha msingi cha ushirika na benki ni ya kijana huyo wa Mbagala. Korosho zikiuzwa, ujumbe wa malipo unaingia Mbagala. Kijana ni mwaminifu, namshukuru Mungu. Lakini haki ya mama yangu isitegemee tabia njema ya mtu wa Mbagala.

HAMISI: Ngoja nikupinge kidogo, maana watu wa korosho watatuona tumesahau tulikotoka. Mimi baba yangu aliuzia kangomba. Mtu anakuja na kopo lake, amelibonyeza apendavyo, anakupimia korosho msimu haujaanza kwa sababu mtoto anaumwa au shule inadai. Ukaja mfumo wa stakabadhi ghalani, msimu wa 2007/2008 hapa hapa Mtwara. Unapeleka kwenye chama chako cha msingi, zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, zinanadiwa. Watu waliulalamikia, pesa zilichelewa, makato hayaeleweki, lakini kopo liliondoka.

SOMOE: Halikuondoka lote.

HAMISI: Sawa, lilipungua. Kisha mnada wenyewe. Wanunuzi walikuwa wanaandika bei, wanatumbukiza kwenye sanduku, linafunguliwa mbele ya wakulima. Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho inafanyika mtandaoni kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, lile la TMX. Mnunuzi anaweza kuwa nje ya nchi, anaweka bei, na wewe mkulima unaitazama kwenye skrini pale pale uwanjani. Oktoba 2024, mnada wa kwanza wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Watu walipiga vigelegele Tandahimba. Hiyo nayo ni teknolojia, Somoe.

SOMOE: Nami nilipiga vigelegele. Lakini niambie, skrini ndiyo iliyopandisha bei?

HAMISI: Siyo peke yake. Bei ya dunia nayo ilikuwa imepanda.

SOMOE: Haya. Na 2018 je? Wakulima walikataa bei iliyotajwa mnadani, serikali ikaingia, ikasema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300, jeshi likaja kusomba. Ule ulikuwa uamuzi wa watu. Kuna waliousifu, na kuna waliokaa wakisubiri malipo mpaka wakauza mbuzi. Lakini ulijua nani ameamua, na siku ya mkutano unamsimamia unamuuliza.

HAMISI: Kwa hiyo ugomvi wako siyo na mashine.

SOMOE: Hata kidogo. Mkulima akipiga picha ya jani lenye ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, kwa simu, akili mnemba ikamwambia apulize salfa lini, nitafurahi kuliko wewe. Ila ajue kwamba akiiuliza kwa Kimakonde haitamwelewa vizuri, maana hiyo imefundishwa kwa maandishi, na Kimakonde chetu kiko midomoni.

HAMISI: Hata Kiswahili cha huku kinaipa taabu. Juzi niliiandikia kama ninavyoongea na bibi, ikanijibu kama hotuba ya bajeti.

SOMOE: (anacheka) Ugomvi wangu ni kwamba kifaa kinafika kwanza, na swali la nani atakisahihisha kikikosea linabaki stoo.

HAMISI: Hilo huku Kusini siyo geni. Babu alikuwa akisimulia mambo ya karanga za Nachingwea.

SOMOE: Simulia, wadogo hawajui.

HAMISI: Baada ya vita vya pili Waingereza walikosa mafuta ya kula. 1946 wakatuma wataalamu, wakatazama nchi hii kwa wiki 9, sehemu kubwa kutoka kwenye ndege. Mwaka uliofuata wakaanza: Kongwa, Urambo, Nachingwea. Matrekta ya kila aina, mengine yametengenezwa kutoka vifaru vya vita. Kongwa udongo ukikauka unakuwa tofali, karanga haing'oki. Mvua hazikuja walivyohesabu. 1951 mpango ukafa, na pauni milioni 36 hivi zimeteketea. Sisi tukabaki na bandari ya Mtwara, ambayo tunaishukuru, na reli ya kwenda Nachingwea, ambayo 1962 ilifungwa.

SOMOE: Wangemuuliza mkulima mmoja wa Kongwa, angewaambia kuhusu udongo bure.

HAMISI: Bila hata chai. Sasa upande mwingine, na hili linaniogopesha mimi zaidi ya vidole. Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar ilikatika huko Kilwa, Somanga. Mabasi yamekwama, nyanya zimeoza njiani. Tarehe 12 mwezi huo huo nyaya za chini ya bahari zikakatika, EASSy na SEACOM, kule kusini karibu na Afrika Kusini. Intaneti nchini ikawa ya kubahatisha. Ndani ya wiki moja na nusu hatuna barabara, hatuna mtandao.

SOMOE: Bahati yetu haukuwa msimu wa minada.

HAMISI: Ndiyo nasema. Ukihamishia kila kitu kwenye waya mmoja, weka na daftari pembeni. Daftari la karani, lenye kalamu iliyofungwa kamba. Mimi nikiwa waziri, nasaini hiyo kesho.

SOMOE: Usiwe waziri, utatusahau. Lakini sikiliza, kuna kitu nilikuta nikafurahi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ilitungwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Na Tume yake Rais aliizindua Aprili 2024. Nilidhani ni mambo ya mabenki na wadukuzi. Kumbe ndani yake mna haki kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Kama uamuzi unakuathiri kweli kweli, unaweza kudai usifanywe na mashine tu.

HAMISI: Yaani mama mdogo anaweza kusema, mleteni binadamu?

SOMOE: Mimi siyo wakili, lakini ndivyo nilivyoisoma. Shida ni kwamba sidhani kama yule kijana wa dirishani amewahi kuisikia. Sheria iko Dodoma, kidole kiko Newala.

HAMISI: Na hiyo sheria imeandikwa kwa lugha gani?

SOMOE: Kiswahili ipo. Lakini Kiswahili cha sheria, kaka, hata mimi niliisoma mara tatu. "Mhusika wa taarifa" ndiye mama mdogo. Nilipomwambia sasa anaitwa mhusika wa taarifa aliniuliza kama kuna posho.

HAMISI: (anacheka) Utafanya nini sasa?

SOMOE: Jumatatu napanda basi. Nimechapisha ukurasa ule, nimeupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Tutakwenda wote wawili dirishani, laini isajiliwe kwa jina lake. Wakisema mfumo umekataa, nitaomba nimwone mwenye mfumo.

HAMISI: Na wakikwambia mtandao hakuna?

SOMOE: Pale nje kuna benchi. Nimebeba mihogo ya kuchemsha.