Kimbunga kinatuhusu hata sisi wa Dodoma

Mliosimama huko nyuma sogeeni, viti bado vipo. Hapo nje nimeulizwa, sisi watu wa Dodoma kimbunga kinatuhusu nini, bahari yenyewe wengine tunaionaga kwenye TV tu.

Basi nianze na Idai, kimbunga cha Machi 2019. Ilianza kama mvua tu, ikaleta mafuriko Msumbiji na Malawi, ikarudi baharini huko kati ya Msumbiji na Madagascar ambako maji yana joto, ikapata nguvu upya, ikageuza na kuingia Beira usiku wa tarehe 14. Mabati yakaruka, umeme na simu vikakata, watu wakadhani ubaya wote ndo huo. Kumbe bado. Mvua ikaendelea siku kadhaa, mito ya Buzi na Pungwe ikavunja kingo, bonde zima likawa ziwa, watu wakakaa juu ya mapaa na miti wakingoja kuokolewa. Kuna mama alijifungulia juu ya mwembe, jamani, uchungu unamkamata na maji yako chini yake.

Sasa nendeni Chimanimani. Hiyo ni Zimbabwe, milimani, bahari hawana kabisa. Usiku wa tarehe 15 mlima ulishusha matope na mawe makubwa watu wakiwa wamelala, na kule Kopa mto ukasomba makazi, miili mingine ikapelekwa mpaka Msumbiji. Idai iliua zaidi ya watu 1,000 kwenye nchi 3, na 2 kati ya hizo hazina pwani. Halafu 2023 kimbunga Freddy kikaja kufanya yaleyale Blantyre, Malawi.

Yani upepo unaishia njiani ila mvua inasafiri, na mimi naona hapo ndo tunapokosea, tangazo la TMA, wale wa hali ya hewa, likitoka tunauliza upepo una kasi gani basi. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia Mei 2024 wengi huku tuliona ni habari ya watu wa pwani. Wakati sisi makorongo tunayo, miezi mingi makavu, tunachimba mchanga, wengine wameshajenga kabisa ukingoni, na mvua ikinyesha juu huko maji yanakufikia hata kwako hakujadondoka tone. Waulizeni wa Gulwe, hapo Mpwapwa, reli yao imekatwa na maji mara ngapi.

Mwenyekiti wa mtaa yupo hapa mbele. Kabla hajaondoka muulizeni, nyumba zipi ziko kwenye korongo, na usiku maji yakija nani anaenda kuwagongea wale wazee milango.