Besi ya nyuzi 4 kwenda chini: anza na uzi

Asanteni, kaeni, kaeni. Naanza na lile ambalo wanaonifahamu wameshalichoka: kigingi, kile cha kukazia uzi, hakiongezi uzi unene. Kizungushe mpaka kesho, uzi uliotengenezwa kwa ajili ya E utabaki uzi wa E, ila sasa umelegea.

Nazungumzia gitaa la besi la kawaida, nyuzi 4, E-A-D-G, skeli (urefu wa uzi unaotetemeka) ya inchi 34, na mpigaji anayetaka kwenda chini ya E hiyo: iwe D, iwe C, iwe B. Freti ni nini na noti ziko wapi mnajua, sirudi huko.

Hesabu kidogo. Msikimbie! E wazi hutetemeka mara 41.2 kwa sekunde. B ya chini yake, mara 30.9. Watu wakiona hivyo husema, aa, tofauti ni robo tu. Siyo. Kwa uzi uleule na urefu uleule, mkazo unafuata mraba wa mitetemo. Gawanya 30.9 kwa 41.2, unapata 0.75. Zidisha 0.75 kwa yenyewe, unapata 0.56. Yaani umebaki na asilimia 56 ya mkazo uliokuwa nao. Uzi wa 105, yaani unene wa inchi 0.105, ukiwa kwenye E hubeba takribani kilo 18, kutegemea aliyeutengeneza. Ushushe mpaka B, unabeba kilo 10 hivi. Halafu mtu ananipigia simu usiku kuniambia besi yake ina mdudu.

Kuna kijana mmoja aliniletea besi ya namna hiyo. Ameishusha nyuzi zote kwa kuzungusha vigingi, B-E-A-D, kwa nyuzi zilezile za kiwandani. Alishabadilisha pikapu, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi. Alishanunua pedali ya kusafisha sauti. Alishaambiwa na mtu fulani kwamba mbao yake ni mbaya, na akaamini. Sauti ilikuwa matope matupu. Nikamwambia, chomeka tyuna, kile kipimo cha noti, piga ule uzi mzito kwa nguvu kama unavyopiga jukwaani, halafu usiangalie mkono wako, angalia mshale. Akapiga. Mshale ukaruka juu ya B, ukakaa huko kidogo, kisha ukaanza kuteremka taratibu mpaka mahali pake. Akapiga tena, yaleyale. Nikamuuliza, sasa B yako ni ipi, ile ya kwanza au ile ya mwisho? Akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshaiona hiyo sinema mara nyingi.

Kinachotokea ni hiki. Uzi uliolegea ukipigwa kwa nguvu hutanuka sana, na ukitanuka mkazo wake huongezeka kwa muda, kwa hiyo noti huanzia juu kisha ikashuka. Bendi nzima inasikia kitu kimepinda ila hakuna anayejua ni nini, wanamlaumu mpiga kinanda. Uzi huohuo ukiubana kwenye freti kwa nguvu kidogo tu, noti inapanda tena. Na kwa kuwa unayumba kwa upana mkubwa, unagonga freti, ndiyo ile kelele ya nzi. Pikapu itafanya nini hapo? Pikapu inaripoti tu kile ambacho uzi unafanya.

Najua kuna mtu pale nyuma anasema moyoni: si nipandishe briji tu, pale nyuzi zinapoegemea mwisho wa chini? Pandisha. Kelele itapungua. Lakini sasa uzi uko mbali na freti, ukiubana unauvuta zaidi, na uzi legevu ukivutwa noti inapanda zaidi. Umelihamisha tatizo kutoka masikioni mwako kwenda masikioni mwa wenzako. Mwingine atasema anamjua mtu anayepiga B kwa uzi wa 105 na inapendeza. Sawa, wapo, wana mkono mwepesi kuliko wangu na wako. Mkono huo ukiwa nao, nenda nyumbani salama, mhadhara huu haukuhusu.

Kwa waliobaki: nunua seti ya besi ya nyuzi 5, ule mwembamba wa G uweke pembeni, funga minne mizito. 130 kwa B, 105 kwa E, 85 kwa A, 65 kwa D. Uzuri wake ni kwamba E, A na D zinabaki na mkazo wa kawaida kabisa, na B ya 130 inafika kwenye asilimia 86 hivi ya mkazo wa E uliyoizoea. Ukitaka ngumu zaidi ipo 135. Anayeshusha uzi mmoja tu, ule wa E mpaka D, anapoteza asilimia 20 hivi. Hiyo wengi wanaivumilia kwa 105, na ukipanda hadi 110 au 115 unarudi karibu na nyumbani. Nusu toni? Asilimia 11. Usinisumbue kwa nusu toni.

"Basi si ninunue besi ya nyuzi 5?" Swali zuri, na ukiwa na hela na unaipenda shingo pana, nunua. Mpiga besi Anthony Jackson aliona nyuzi 4 hazimtoshi, akatengenezewa ya nyuzi 6 mwaka 1975, na hakuna aliyemkataza. Lakini kuna mtu ambaye ile G ya juu haigusi mwaka mzima, na vidole vyake vimeshaizoea shingo yake. Huyo kwa nini abebe uzi wa mapambo? Wapiga kontrabasi wa okestra nao wana kipande cha kurefusha uzi wa E mpaka C, wamebaki na nyuzi zao 4. Turudi.

Nati. Siyo nati ya boliti, ni kile kipande cha mfupa au plastiki pale juu ambapo nyuzi zinapita kuelekea vigingi. Mfereji wake wa E umechongwa kwa uzi wa milimita 2.7. Wewe unataka kuuingiza uzi wa milimita 3.3. Hauingii! Unakaa juu ya mfereji, na mtu anaubonyeza kwa dole gumba na kusema umeingia. Ukikaa juu, noti za freti ya kwanza na ya pili zitapanda juu na zitakuwa ngumu kubana, na utailaumu skeli. Ukibanwa kwenye kuta, kila ukityuni utasikia "tik", noti imeruka.

Mfereji uchongwe kwa tupa ya duara yenye upana unaozidi uzi kwa kiasi kidogo sana, uteremke kuelekea upande wa vigingi, ili uzi uguse mwishoni kabisa, upande wa freti. Kina chake, nusu ya unene wa uzi inatosha kuuzamisha. Kupima: bana uzi kwenye freti ya tatu, tazama juu ya freti ya kwanza. Pawe na mwanga mwembamba wa karatasi. Hakuna mwanga, umechonga mno. Na kabla hujagusa tupa, nunua nati ya pili uchonge hiyo, ile ya asili ifunge kwenye bahasha. Siku ukitaka kurudi E-A-D-G utanishukuru. Wanaoogopa nati ndio haohao wanaotoboa mbao kwa drili kuweka pikapu mpya, sielewi.

Kabla sijasahau, kigingi. Uzi wa 130 huenda usipite kwenye tundu la kigingi chako. Zipo nyuzi zilizopunguzwa unene mwishoni, tafuta hizo. Na usiukate uzi kabla ya kuukunja pembe mraba, maana ukikata kwanza ule waya wa nje uliozungushwa unaweza kulegea kwenye kiini, na uzi umekufa papo hapo, mpya.

Naambiwa zimebaki dakika chache. Haya, haraka.

Shingo: tyuni kwanza kwenye noti zako mpya, ndipo upime. Bana freti ya kwanza na ya mwisho, tazama nafasi kwenye freti ya 7 au 8, milimita 0.3 hadi 0.4 ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukiwa umepunguza mkazo kwa jumla, shingo itajikunja kinyumenyume na nafasi itatoweka, basi legeza ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, robo mzunguko, tyuni tena, pima tena. Robo, nimesema. Mbao haipokei amri kwa haraka. Ikikataa kuzunguka, mpelekee fundi.

Urefu wa nyuzi juu ya freti: milimita 2.4 hivi kwenye freti ya 17 kwa uzi mzito, na kwa B mpe kidogo zaidi kwa sababu inahitaji nafasi ya kuyumba. Kisha freti ya 12: linganisha noti iliyobanwa na hamoniki yake, ile ya kugusa uzi tu bila kuubana. Iliyobanwa ikiwa juu, rudisha nyuma kitandiko cha briji, kile kinachobeba uzi. Uzi wa 130 utataka kurudi nyuma sana, na springi itakuzuia; ikate springi, si mali ya urithi. Hayo mfanye kwa mpangilio huo, msianze na freti ya 12 halafu mkagusa shingo, mtarudia yote.

Pikapu, ishushe upande wa B, sumaku ikiwa karibu mno inauvuta uzi na noti inatetereka. Tyuna ikishindwa kuisoma B, piga hamoniki ya freti ya 12. Amplifaya na spika nilitaka kuwasemea kwa kirefu, sitaweza. Jueni tu kwamba spika nyingi haziifikii mitetemo 31 kwa nguvu, B mnaisikia zaidi kupitia hamoniki zake, yaani mitetemo yake ya juu, kwa hiyo kuongeza besi kwenye amplifaya ni kuitesa spika bure. Ongezeni sauti za kati.

Maswali mawili tu. Wewe mwenye shati jeupe, na tafadhali usiniulize kuhusu mbao.