AC ya dirishani imekufa? Toa hivi kabla ya kuipeleka kwa vyuma chakavu

Haya jamani, hamjambo. Mgonjwa wetu leo ni AC ya dirishani, imeng'olewa kwenye nyumba moja huko Mji wa Kale, hapa Mombasa. Mwenyewe alikuwa aipeleke kwa watu wa vyuma chakavu, ipimwe kwa kilo basi. Nikamwambia ngoja kwanza. Humu ndani mna mota, kapasita, swichi na thamostati, na joto la kaskazi likianza kuchoma, hivyo ndivyo mafundi wanavyokuja kunililia hapa kibandani Kongowea.

Anza na kibandiko. Kijana, sogeza simu... hapo. Tunatafuta volti, hezi na gesi. Hii ni 230, 60, R-22. Umeme wetu Kenya ni hezi 50. Hii ya 60 ilitengenezwa kwa nchi kama Saudia. Mota yake itazunguka hapa, lakini polepole zaidi, na hushika moto upesi. Mimi nikiiuza namwambia mnunuzi wazi. Ukikuta volti 115, hiyo ni ya Marekani, usiichomeke ukutani hata kwa mzaha.

Uso wa mbele, chujio, skrubu za bati: fungua tu, hilo halina maneno. Aa! Mende. Wengi. Kata hapo kijana... haya, tumefagia, tuendelee.

Sasa weka mikono nyuma. Waya imetoka ukutani, ndiyo, lakini kile kikopo cha bati ni kapasita, na kapasita huweka umeme hata mashine ikiwa imezimwa. Chukua balbu ya kizamani ya wati 60, ile ya uzi, siyo LED, yenye nyaya mbili zilizofunikwa vizuri. Gusisha kati ya C na HERM, kisha C na FAN. C ni pini ya pamoja, HERM ni upande wa kompresa, ile pampu ya gesi, na FAN ni wa feni. Halafu pima kwa mita uhakikishe hamna kitu. Hii yetu imeandikwa mikrofaradi 35 na 5. Mita inasema 34 na... 3. Upande wa feni umechoka. Huenda ndiyo maana feni ilikuwa inanguruma bila kuzunguka, watu wakadhani mota imeungua. Ukiona kichwa cha kapasita kimevimba, usiipime, tupa.

Piga picha nyaya zote kabla ya kuchomoa. Swichi inatoka kwa skrubu mbili. Thamostati ndiyo ya kubembeleza: ina mrija mwembamba kama unywele unaoenda hadi kwenye koili ya mbele, na ndani yake mna gesi. Ukiukunja ukavunjika, imekwisha kazi. Uzungushe duara pana, ufunge kwa uzi.

Tufike kwa mota, ambayo ndiyo mali. Ina shafti pande mbili. Nyuma kuna pangaboi lenye pete ukingoni; pete hiyo huchota maji yanayodondoka chini na kuyarushia koili ya moto ili ipoe. Mbele kuna gurudumu la mbavu mbavu linalosukuma baridi chumbani. Hili gurudumu, usiligonge. Nasema tena, usiligonge kwa nyundo. Chumvi ya bahari yetu imelishikisha kwenye shafti, na mkono utakuwasha kutaka kugonga. Ukigonga, shafti inapinda kidogo usichokiona kwa macho, na mota itatetemeka maisha yake yote.

Fanya hivi. Zungusha mpaka uone pengo pana kati ya mbavu. Ndipo spana ya Allen inapopita kufikia skrubu. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, kisha nenda kanywe kahawa. Sasa jaribu... inateleza. Simama. Usilazimishe, utaila skrubu. Mafuta tena. Kijana, mwanga huku. Sukuma spana ndani kabisa, bana, geuza kidogo kidogo... imekubali! Sasa vuta huku unazungusha. Na bado nasema: nyundo ikae mbali.

Zungusha shafti kwa mkono. Ikienda laini bila kuchezacheza pembeni, ni nzima. Tone la mafuta ya cherehani kila upande, si kikombe.

Kompresa hatuitoi. Tunaipima tu. Pini tatu: pima kila mbili mbili. Namba kubwa iwe sawa na jumla ya zile mbili ndogo. Hapa napata omu 2, 4 na 6, sawa kabisa. Kisha pima pini na bati: mita ikionyesha njia, imeungua.

Na mirija ya shaba, najua mnaitamani. Msikate. Bado kuna R-22, gesi inayoharibu tabaka la ozoni. Iko chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Ikirukia ngozi inaunguza kwa baridi, na ikikutana na moto wa gesi ya kuchomelea inatoa moshi wa sumu. Mwite fundi wa friji mwenye mashine na mtungi wa kuivuta. Akishamaliza, koili na bati muuzie mnunuzi mwenye leseni; sheria ya vyuma chakavu ya 2015 inataka hivyo. Ile koili ya nyuma usitarajie mengi, alumini yake imeshakuwa unga.

Tuwashe mota na kapasita mpya ya 5... sikia! Haina mlio. Hii iko rafu ya juu, upande wa kushoto. Ukija kuitaka, njoo na mota yako ya zamani tulinganishe urefu wa shafti.