Kuwasha LED ya nguvu kwa betri za laptop, bila draiva

Karibu tena mezani. Leo tunawasha taa ya LED moja ya wati 10 kwa betri nne za lithiamu, zile za 18650 zinazotolewa kwenye betri ya laptop, bila draiva, yaani kile kisakiti kinachodhibiti umeme wa LED.

Anza na LED yenyewe. Hii ni XM-L ya Cree: inataka volti 3 na kidogo, na mwisho wake ni ampea 3. Zile za mraba za wati 10 zilizojaa madukani nyingi ni za volti 9 hadi 12. Kwa betri hizi tukiziunga sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, haziwaki, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Sasa chukua mita ya umeme, pima volti za kila betri peke yake. Hapa tulia kabisa, maana ndipo hatari ilipo. Ukiunga sambamba betri ya volti 4.2 na ya 3.5, iliyojaa inaimwagia mwenzake umeme kwa mkupuo, na kinachouzuia ni ukinzani mdogo tu wa ndani ya betri. Ampea 7 zinaweza kupita. Chaji kila moja hadi 4.2, ziache zilale, asubuhi pima tena. Iliyoshuka yenyewe usiku, itoe, hata kama wameuza kwa bei ya kutupa.

Sogea uone kichwa cha betri. Kitufe cha katikati ni chanya, lakini ukingo unaokizunguka, chini ya plastiki, ni hasi! Kikaratasi hiki cha duara kinachovitenganisha kikichanika, badilisha.

Usilehemu juu ya betri, joto linaiharibu. Tumia kasha lenye springi. Chanya zote pamoja, hasi zote pamoja, kila betri na fyuzi yake ya ampea 2.

Wengi hudhani kuongeza betri sambamba kunaongeza muda tu. Volti haipandi, kweli, lakini ukinzani wa ndani unagawanyika, na LED inasukumiwa ampea nyingi zaidi. Iliyostahimili betri moja iliyochoka inaweza kuungua kwa nne nzima. Ndiyo maana naweka rizista, kifaa cha kubana umeme, ya omu 0.47, wati 5, kwenye waya wa chanya. Hesabu: volti 4.2 za betri toa 3.2 za LED, inabaki 1. Gawa kwa 0.47, unapata ampea 2 na kidogo. Rizista itapata moto, iache mbali na betri.

LED ikae juu ya aluminiamu nene, na pesti ya kupitisha joto katikati, nyembamba tu.

Kabla ya swichi weka bodi ya ulinzi ya betri moja (kwa volti, nne zilizo sambamba ni kama moja), inayobeba ampea 3 au zaidi. Bila hiyo LED itaendelea kufifia huku betri zikinyonywa kupita kiasi.

Mita iweke kwenye tundu la ampea 10, ipitishe katikati ya waya wa chanya, washa. Ikisoma karibu na 2, acha dakika tano, kisha gusa aluminiamu. Kidole kikishindwa kukaa, ongeza ukubwa wa aluminiamu kabla hujafunga boksi.