Gari la umeme linakula yuniti ngapi? Kwanza niambie umepimia wapi

Haya, mnanisikia huko nyuma? Poa. Tuseme skrini ya gari inakwambia limekula yuniti 16 kwa kilomita 100, halafu mita uliyofunga pale kwenye soketi ya kuchajia inasema 18.4. Nani mwongo hapo? Hakuna mwongo jamani, kila mmoja anahesabu umeme wake.

Skrini inahesabu kilichotoka kwenye betri. Mita ya ukutani inahesabu kilichoingia kwenye waya, na katikati hapo kuna chaja ya ndani ya gari inageuza umeme wa ukutani (AC) kuwa umeme wa betri (DC), inapata moto, nyaya nazo zinapata moto, betri pia, na lile joto lote ni yuniti ulizolipia. Kupoteza asilimia 10 mpaka 15 ni kawaida tu. Ukichaji polepole inaweza hata kuzidi, maana kompyuta na pampu za gari zinakaa macho muda wote, tuseme zinakula wati 300, basi ukiingiza wati 2,000 hiyo ni asilimia 15 imeshaondoka hata chaja haijapoteza chake, ila ukiingiza wati 7,000 ni kama 4 tu.

Ndo maana zile namba za WLTP, yaani kipimo rasmi cha Ulaya cha matumizi na umbali wa gari, zinachanganya watu, matumizi yanahesabiwa kuanzia kwenye soketi, sasa mtu anazidisha matumizi kwa umbali uliotangazwa anapata betri kubwa kuliko iliyomo kwenye gari, anaanza kulalamika kaibiwa.

Mimi nawaambia hivi, chaji mpaka ijae, andika kilomita, endesha siku kadhaa, rudi soketi ileile ujaze tena, soma mita. Basi. Hapo hata kile kiyoyozi ulichowasha gari limesimama kimo ndani, skrini nyingi hazikihesabu kabisa kwenye safari.

Na tafadhali msipime kwa asilimia za betri! Betri ya yuniti 60, asilimia moja ni yuniti 0.6. Safari ya kilomita 20 inakula kama 3.2, kwa hiyo ukikosea asilimia moja tu ushakosea karibu moja ya tano ya hesabu nzima, halafu unakuja kubishana na watu.

Mlima nao. Gari la kilo 1,800 kulipandisha mita 100 ni kama nusu yuniti, kwenye kilomita 10 hiyo peke yake inaongeza 5 kwa kila kilomita 100, kwa hiyo pima kwenda na kurudi. Upepo lakini kwenda na kurudi hauufuti, ule wa mbele unakunyang'anya zaidi ya anachokurudishia wa nyuma, so chagua siku iliyotulia.

Kingine ni wastani, hapa hata wataalamu wanateleza. Kilomita 100 umeenda kwa kilomita 4 kwa kila yuniti, kilomita 100 nyingine kwa 8, wastani si 6. Umetumia yuniti 25 na 12.5, jumla 37.5, gawanya 200 kwa hiyo unapata 5.3. Jumlisha yuniti kwanza, kugawanya baadaye.

Naona mkono pale mbele, ngoja wakuletee maiki.