Msaili Naye Yuko Kazini: Mhadhara Kuhusu Maelewano Katika Usaili wa Ajira

Habari zenu, na asanteni kwa kufika.

Wanaojiandaa kwa usaili hutumia siku nyingi kupanga majibu, lakini ni wachache wanaojiuliza mtu wa upande wa pili wa meza atakuwa na hali gani. Msaili ana fomu ya alama mbele yake. Ana dakika 30 au 45, na nje kuna wengine wanaosubiri zamu. Anatakiwa asikilize, aandike, aangalie saa na akumbuke swali linalofuata, yote kwa wakati mmoja. Mkimfikiria hivyo, mtaona kwamba maelewano hayaji kwa maneno matamu. Huja pale msailiwa anapomrahisishia msaili kazi yake.

Mwaka 1990 wanasaikolojia Linda Tickle-Degnen na Robert Rosenthal waliyachambua maelewano katika sehemu tatu: watu kusikilizana kwa makini, uchangamfu, na mazungumzo kwenda kwa mwendo mmoja. Walieleza kwamba watu wanapokutana mara ya kwanza uchangamfu huwa na uzito mkubwa, na kadiri wanavyozoeana mwendo wa pamoja ndio unaozidi kuwa muhimu. Usaili unaanza na watu wasiojuana, kwa hiyo tuanze na uchangamfu.

Msaili akikuuliza kama umepata shida kufika, hahitaji habari za safari nzima. Ila "Hapana, nimefika salama" peke yake humwacha bila pa kushika. Jibu kwa sentensi mbili, ya pili iwe na kitu anachoweza kukiendeleza: "Nimefika salama, asante. Maelekezo mliyonitumia yalikuwa wazi hadi mlangoni." Kisha muachie hatamu. Akifungua faili au akishika kalamu, gumzo limekwisha. Nyamaza na usubiri swali. Kama hukulishika jina lake, omba alirudie papo hapo, kwa sababu kuliuliza baada ya dakika 20 kutaonyesha kwamba muda wote huo hukujua unazungumza na nani.

Sasa nije kwenye jambo linalowaangusha wengi, nami nitakaa nalo kidogo. Kuna usaili wenye maswali yaliyopangwa: kila msailiwa huulizwa yale yale, kwa mpangilio ule ule, na kila jibu hupewa alama. Mara nyingi wasaili wa namna hii huagizwa wasitikise kichwa wala wasitoe dalili yoyote ya kukubali, ili wote watendewe sawa. Msailiwa asiyelijua hilo akiuona uso mkavu hudhani amekataliwa. Anaongeza kasi, anarudia alichokwisha kusema, anajaza kila ukimya kwa maelezo. Msaili naye anashindwa kuandika, na alichoshindwa kukiandika ni vigumu kukipa alama. Huyo hakuangushwa na ule uso. Ameangushwa na alivyousoma.

Dawa yake ni kulipanga jibu kwa ajili ya mtu anayeandika. Tangulizeni muhtasari: "Nilichukua hatua tatu." Hapo msaili ataandika moja, mbili, tatu pembeni ya karatasi. Kisha eleza hali ilivyokuwa, jukumu lako, ulichofanya na matokeo yake, na hatua ulizochukua zipate muda mrefu kuliko vingine vyote. Dakika moja na nusu hadi mbili zinatosha. Ukitaja tarakimu, itaje polepole. Ukiona kalamu bado inatembea, ngoja, kwani ukimya wakati mtu anaandika ni adabu.

Kuna ushauri maarufu wa kumuigiza msaili: akiegemea kiti nawe egemea, akikunja mikono nawe kunja. Ni kweli kwamba mwaka 1999 Tanya Chartrand na John Bargh walionyesha kuwa watu walioigwa mikao yao walimpenda zaidi aliyewaiga. Lakini walioigwa hawakutambua kwamba wanaigwa. Mwigo wa makusudi katika chumba kidogo hugundulika haraka, na ukigundulika, imani imeondoka. Linganisheni msamiati badala ya mikono. Akisema "wateja", usimjibu kwa "walengwa".

Mkisailiwa na jopo, anza jibu ukimtazama aliyeuliza, zungusha macho kwa wengine, umalizie kwake. Usimpuuze anayeandika kimya pembeni. Naye anaweza kuwa anatoa alama.

Kwa njia ya video mambo hubadilika. Utafiti wa Tanya Stivers na wenzake wa mwaka 2009, katika lugha 10, uliona kuwa pengo kati ya swali na jibu huwa takriban sehemu ya tano ya sekunde. Mtandao ukichelewesha sauti kidogo tu, pengo hilo linamezwa na mnaanza kugongana maneno, kila mmoja akimwona mwenzake hana subira. Kwa hiyo hesabu sekunde moja nzima baada ya msaili kumaliza, ndipo ujibu. Inua kamera ifike usawa wa macho, sogeza picha ya msaili karibu na lenzi, na mwanga utoke mbele yako.

Maswali yako ya mwisho yana nguvu kuliko mnavyodhani. Mwaka 2017 Karen Huang na wenzake walionyesha kwamba watu huwapenda zaidi wanaouliza maswali yanayofuatilia walichokisema. Njoo na maswali mawili au matatu, lakini angalau moja lizaliwe mle mle chumbani: "Mmetaja kwamba timu hii imegawanywa hivi karibuni. Kazi zinazogusa pande zote mbili zinaamuliwa na nani?" Kuuliza lililokwisha kuelezwa hubomoa ulichojenga, kwa kuwa linaonyesha hukusikiliza.

Ukihisi jibu lako limekwenda kando, pengine msaili amekatiza au anatazama saa, lirekebishe kwa sentensi moja: "Samahani, nadhani nimeelezea upande mwingine. Mngependa nizungumzie mpango au utekelezaji?" Usimseme vibaya mwajiri wa zamani hata ukichokonolewa. Anayekusikiliza hujiweka kwenye kiti cha huyo unayemsema. Na usijifanye shabiki wa kitu ulichokiona ukutani kwake, maana swali la pili tu litakuumbua.

Baada ya usaili, tuma shukrani ndani ya saa 24, mistari minne au mitano, ukitaja jambo moja mlilojadili na unavyolifikiria sasa. Kama tangazo la kazi linakataza mawasiliano hadi matokeo yatoke, usitume chochote.

Karibuni kwa maswali.